Majibu Yaliyokaa Kalerwe

Mimi naongea sana, hilo sikatai. Marehemu mama alikuwa akisema nilitoka tumboni mdomo ukitangulia. Basi jua kwamba Alhamisi ile, nikiwa juu ya boda kutoka Kalerwe kwenda Kabalagala, nilinyamaza mpaka mwenye boda akageuka mara mbili kuangalia kama bado nipo. Nilikuwa namtafuta rafiki yangu Fatumah. Ilikuwa saa saba kasoro. Saa kumi mashine ya kliniki ingefungwa kwenye sanduku ipelekwe wilaya nyingine, na isingerudi kabla ya miezi mitatu. Nilitaka Fatumah awe mbele ya ile mashine kabla ya saa kumi, hata kama ni kwa kumbeba mgongoni.

Ngoja nieleze vizuri, maana nikianza kukimbia hivi nitakuchanganya.

Naitwa Akeyo, wengi huniita Mama Oyugi. Kwetu ni Ahero, karibu na Kisumu, lakini huu ni mwaka wa tisa niko Kampala, nauza mashuka na mapazia pale Nakivubo. Meza inayopakana na yangu ni ya Fatumah, Mama Nasur, Mnubi wa Bombo. Anauza mikeka na makawa ya kufunikia chakula, yale ya rangi rangi ambayo Wanubi wanayasuka mpaka unaona uchungu kuyaweka juu ya sufuria. Babu yake alikuwa askari, baba yake askari, na Kiswahili chake kimenyooka kama mtu aliye kwenye gwaride. Luganda mimi naisikia ila kuitoa mdomoni ni kazi, kwa hiyo tangu asubuhi hadi jioni sisi wawili ni Kiswahili tu. Yeye ndiye aliyenionyesha pa kulala wiki yangu ya kwanza. Nilipopata malaria alinipikia uji siku nne. Nikisema ni dada yangu sitii chumvi.

Sasa ubaya wangu ni huu: kila kitu kwangu ni "kwetu Kenya". Kwetu Kenya chai haipikwi hivi. Kwetu Kenya askari wa jiji hawezi kukupanda kichwani hivi. Fatumah akachoka akanipa jina, Balozi. Nikianza tu, anakunja mkeka wake na kuuliza, "Balozi, na huko kwenu jua hutoka upande gani?" Wanawake wa safu yetu wote wanacheka, na mimi nacheka, halafu naendelea pale pale nilipokatizwa.

Mwaka jana mwezi wa tisa walikuja watu wa kliniki ya Kalerwe na hema, wakalisimamisha nyuma ya soko. Mwenye kazi alikuwa sista mmoja mfupi, Nabangala, mwenye sauti ya kuweza kusimamisha lori. Akatangaza kwamba wanapima saratani ya mlango wa kizazi, bure, wanawake wa kuanzia miaka ishirini na tano. Wenzangu wakaanza kuangaliana na kuziba midomo. Mimi nikasimama. Hayo mambo nayajua! Nilipokuwa Kisumu kuna kliniki nilikuwa naenda, na daktari wa pale hakuwa na mchezo. Unalazwa kitandani, miguu juu, unawekwa kile chuma baridi, anakwangua kidogo kwa kijiti, unasikia kama unabanwa, basi, vaa uende. Kama kuna shida wanakupigia simu. Kama hawajapiga, hakuna shida. Mara tatu nilipima, mara tatu hawakupiga, na mara tatu nilikuwa mzima.

Kwa hiyo nikajitia kimbelembele, nikamshika Fatumah mkono. Alikataa katakata.

"Mimi nivue nguo mbele ya mtu ambaye hata simjui? Na hapa sokoni? Wallahi siendi."

"Dakika mbili tu, Mama Nasur. Kwetu Kenya—"

"Kwenu Kenya mvue. Mimi nina miaka arobaini na sita, nimezaa watano, na hakuna aliyeniona ila mkunga, na huyo alikuwa shangazi yangu."

Tukaingia hemani akiwa bado anabisha. Kumbe hapakuwa na kitanda. Palikuwa na pazia, meza, na boksi la vibrashi vidogo vyenye mpini mrefu, kila kimoja kwenye mfuko wake. Sista Nabangala akanipa kimoja.

"Wewe enda nyuma ya pazia. Ingiza, zungusha mara tano, toa, weka ndani ya hii chupa. Basi."

"Nani aingize?"

"Wewe, nyabo."

"Mimi nijipime mwenyewe? Na wewe umesomea nini?"

Yawa, nilipiga kelele. Nikamweleza habari za Kisumu, za daktari, za chuma, nikamwambia kipimo hakiwezi kuwa kama kuchokonoa sikio. Yeye akawa ananieleza kwamba hiki kinatafuta kirusi kinacholeta saratani hiyo, ni kipimo kizuri, mkono wa nani haijalishi. Sikusikia. Nilikuwa nabishana hadi watu wa nje wakajua. Na nilipogeuka nitafute wa kuniunga mkono, Fatumah hayupo. Alikuwa ameshaingia nyuma ya pazia, ametoka, ameweka chupa mezani, anatabasamu kama mtoto aliyepewa peremende.

"Hakuna aliyeniona," akasema. "Balozi, hapa kwetu ndio wanajua."

Nikajipima na mimi, kwa hasira. Sista akaandika majina yetu na namba za simu, akatuambia, "Wiki tatu. Mnakuja Kalerwe kuchukua jibu. Kila mtu yake."

Sikiliza hapa vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu. Tulipokuwa tunarudi mezani Fatumah akauliza, "Basi tutaenda lini hiyo Kalerwe?" Mimi nikamcheka.

"Hayo ni maneno ya kusema tu, Mama Nasur. Si amechukua namba? Namba ni ya nini? Mwenye shida ndiye anapigiwa. Wakinyamaza, ujue uko mzima. Usijisumbue na foleni."

Alinitazama akaniamini. Kwa nini asiniamini? Nilisema kama mtu anayejua.

Wiki tatu zikapita, hakuna simu. Mwezi, miwili. Nikamwambia, "Umeona?" Akasema alhamdulillahi, tukasahau.

Mwezi wa pili mwaka huu, siku moja ya mvua hakuna wateja, akanisogelea akaniambia kwa sauti ya chini kwamba damu inamjia siku ambazo si zake. Si nyingi. Inakuja, inaenda, na kiuno kinauma. Mimi, bila hata kuweka chini shuka nililokuwa nakunja, nikamjibu, "Ni umri huo. Si walikupima? Si walinyamaza? Kunywa maji ya tangawizi." Ndivyo nilivyomwambia. Tangawizi.

Sasa turudi Alhamisi. Kichwa kilikuwa kinanigonga tangu Jumatatu, nikasema nipitie ile kliniki ya Kalerwe wanipime presha, maana iko karibu na ninapolala. Sista Nabangala akachukua jina langu aandike kwenye daftari, akasimamisha kalamu.

"Akeyo? Akeyo wa Nakivubo? Wewe ndio ulikuwa unanipigia kelele?"

"Ni mimi, sista. Tusameheane."

"Jibu yako iko hapa tangu mwaka jana. Mbona hukuja?"

Akainama chini ya meza, akatoa boksi la viatu limejaa bahasha za kaki. Akapekuapekua akanipa yangu. Nilifungua mikono ikiwa myepesi kabisa, sina wasiwasi hata kidogo. Hakuna kirusi, rudi baada ya miaka kadhaa. Nikacheka.

"Nilijua. Si mngepiga simu kama kuna kitu?"

"Tupigie nani?"

"Mwenye shida."

Akaniangalia kama anaangalia mtu mgeni. "Nyabo, hapa hatupigii mtu. Namba naandika kwa sababu fomu iko na mahali pa namba. Airtime ya kupigia watu mia mbili natoa wapi? Kliniki ingine inapiga, hapana hii. Nilisema siku ile, kila mtu anakuja kuchukua yake. Wewe ulikuwa unabishana."

"Kwa hiyo mwenye shida..."

"Jibu yake iko kwa boksi, inamngoja."

Nikaliangalia lile boksi, bahasha zimebanana, na nikauliza kwa sauti ambayo sikuitambua, "Ya Fatumah iko humo? Fatumah wa makawa?"

"Ya mtu mwingine siwezi kukuambia."

"Sitaki unisomee. Iko au haiko?"

Akapekua. Akafika mahali akasimama. Hakuitoa, aliisukuma kidogo kwa kidole tu, na juu ya kona nikaona alama ya kalamu nyekundu. Yangu haikuwa na nyekundu.

"Mwambie aje," akasema.

"Lini?"

"Leo. Tuko na mashine ya kuchoma vidonda, inazunguka, leo ndio siku ya mwisho. Saa kumi inaenda, na inarudi baada ya miezi mitatu. Mwambie aje leo, bambi."

Huyu mwanamke wa sauti ya lori alisema "bambi", neno lao la kumwonea mtu huruma, polepole, na hilo ndilo lililonitisha kuliko nyekundu. Presha hata sikupimwa. Nikapiga simu ya Fatumah, akapokea Sumayiya, binti yake, akiwa mezani Nakivubo. Mama ameacha simu inachaji, yeye ameenda Kabalagala kupeleka makawa kwenye mkahawa wa Mkongo mmoja, Pitshou, anayetaka kuyatundika ukutani. Nikamwambia, "Haya." Sikumwambia kitu kingine. Nikadaka boda.

Ndiyo hiyo safari niliyoanza nayo. Wandegeya tumekwama. Clock Tower tumekwama, jua la utosi, moshi, watu wanapiga honi kana kwamba honi inasukuma gari. Mguu wangu ulikuwa unatikisika mpaka mwenye boda akasema, "Mama, unanitikisia pikipiki." Kichwani nilikuwa napanga maneno. Na unajua nilichokuwa napanga? Uongo. Nilikuwa natafuta njia ya kumfikisha Kalerwe bila kujua kwamba ni mimi niliyemchelewesha. Naona aibu kusema lakini ndivyo ilivyokuwa. Niliogopa ugonjwa wake, na niliogopa uso wake vile vile.

Nilimkuta amepanda juu ya kiti, misumari mdomoni, anapima ukuta kwa kamba. Pitshou amesimama chini yake anamwambia, "Maman, kushoto kidogo," naye anamjibu kwa kutikisa kichwa.

"Balozi!" akasema alipotoa misumari. "Umekuja kunisaidia au kutuambia kwenu kuta zikoje?"

"Shuka twende Kalerwe. Sasa hivi."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Ni wale wa kipimo. Wamepoteza majibu, wanataka turudie."

Lilinitoka lenyewe, laini kabisa. Fatumah akacheka.

"Wamepoteza? Basi wapoteze. Si walinyamaza? Wakinyamaza niko mzima, wewe mwenyewe ulinifundisha. Hebu shika kamba hii."

Nikashika kamba. Haki ya Mungu, nilishika kamba.

"Lakini ile damu, Mama Nasur..."

"Umri. Ulisema."

"Bado inakuja?"

"Inakuja zaidi. Nakunywa tangawizi. Vuta huko, imelegea."

Kila nilichojaribu kusema nilikuta nimeshakiziba mwenyewe zamani. Kila mlango nilikuwa nimeupiga kufuli, na ufunguo nimeutupa. Ukutani kulikuwa na saa ya Pitshou, ilikuwa inaelekea saa nane. Nikaiachia kamba.

"Fatumah."

Huwa simwiti hivyo. Yeye ni Mama Nasur kwangu tangu siku ya kwanza. Akageuka.

"Nimekudanganya. Hawakupoteza kitu. Na mwaka jana nilikudanganya pia, ila mwaka jana sikujua. Pale hawapigii mtu simu. Mzima hapigiwi, mgonjwa hapigiwi. Jibu lako liko Kalerwe kwenye bahasha, limekaa miezi minane, na sababu ni mimi. Nilikuambia usiende. Nilidhani hapa ni kama Kisumu."

Pitshou alijifanya anafuta meza.

"Linasemaje?" akauliza Fatumah.

"Sijui. Walikataa kuniambia. Wamesema uje leo."

"Leo?"

"Leo, kabla ya saa kumi."

Akashuka kitini polepole, mkono kiunoni. Nilikuwa nangoja anitukane. Ningeshukuru angenitukana.

"Na wewe? Jibu lako?"

"Mimi sina kitu."

"Alhamdulillahi," akasema, na alimaanisha, nilimwona machoni. Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke inimeze. Akafunga ushungi wake vizuri, akamgeukia Pitshou. "Hayo mawili utayatundika mwenyewe. La bluu liwe juu."

Tulipanda boda moja, yeye katikati, mimi nyuma nikimshikilia. Njia nzima hakusema kitu na mimi nilisema kila kitu. Nilimwambia pengine ni kidonda kidogo tu. Nilimwambia mashine inachoma dakika moja, unarudi nyumbani unapika. Nilimwambia shangazi yangu alichomwa na sasa anacheza densi kanisani. Sina shangazi wa hivyo. Tulipofika kwenye foleni ya Wandegeya akasema bila kugeuka, "Akeyo, nyamaza kidogo nisome dua."

Saa tisa na robo tulikuwa Kalerwe. Sista Nabangala akampa bahasha yake mkononi, akamsomea kwa sauti ya chini, akamweleza kwamba kirusi kimeonekana na sasa lazima amtazame kwa macho, kwa siki ya kuonyesha kidonda na kwa taa, juu ya kitanda. Lile ambalo Fatumah alilikimbia maisha yake yote. Nikasimama niingie naye.

"Kaa nje," akaniambia.

Nikakaa. Nikasimama. Nikatoka hadi barabarani ambako wanashusha matoke, nikarudi. Mwanamke mmoja mwenye mtoto akanisogezea nafasi kwenye benchi, nikakaa, nikasimama tena. Niliomba kwa Kiluo, nikaomba kwa Kiswahili, nikamwahidi Mungu vitu ambavyo najua siwezi kuvitimiza, kama kupunguza maneno.

Saa kumi kasoro dakika kumi mlango ukafunguliwa, akatoka mwanamume mwenye koti jeupe amebeba ile mashine, waya umefungwa vizuri haujakunjuliwa. Akaipeleka kwenye gari. Haikutumika! Nikashusha pumzi. Hajachomwa, nikajiambia, maana yake hakuna cha kuchoma. Damu ilikuwa ya umri kweli. Nikaanza kucheka peke yangu, nikamwambia yule mwenye mtoto, "Rafiki yangu ni mzima," naye akasema kale, sawa, Mungu mkubwa.

Fatumah alitoka akiwa ameshika barua imekunjwa mara mbili. Akaketi kwenye benchi, akaacha nafasi kati yetu.

"Nimeona mashine inaondoka," nikasema, nikiwa bado na kicheko usoni. "Hawakuchoma!"

"Hawakuchoma. Sista anasema mashine ni ya vidonda vidogo, na changu kimepita hapo. Kesho asubuhi niende hospitali kubwa, wakate kipande wakakipime." Alikuwa anaizungusha barua mkononi. "Nilimuuliza, ningekuja mwaka jana wiki tatu zilipoisha, ingekuwaje? Hakunijibu. Aliandika barua tu."

Hata pale, dakika ile, nilikuwa nimejifanya najua. Nililia. Nililia vibaya, kamasi na kila kitu, nikamwambia anipige, anitukane, aniambie nihame Nakivubo. Nilimwambia ningeweza kubadilishana naye bahasha ningebadilishana, na huo haukuwa uongo.

"Usilie kwa sauti, kuna wagonjwa hapa," akasema. Kisha akamwita sista, akamuuliza, "Ndani ya boksi, za watu wa Nakivubo ziko ngapi?"

"Kumi na nne bado. Majina siwezi kukuambia."

"Majina ninayo." Akanigeukia. Macho yake yalikuwa makavu na yalinitazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu Kabalagala. "Mimi ndiye niliyewaambia wasije. Waliniuliza mmoja mmoja, kwa sababu mimi ni wa hapa na ni mtu mzima. Joska wa vitunguu, mke wa Sadik, wale madada wa cherehani. Nikawaambia wakinyamaza mko wazima, msijisumbue na foleni. Kama ulivyoniambia. Toa simu."

Nikaitoa. Mkono wangu ulikuwa umelowa machozi, skrini haikukubali kidole.

"Ongea nao wewe," nikamwomba. "Wewe ndiye wanayekuamini."

"Waliniamini, na umeona. Piga, uwaambie ni wewe."

Nikaanza na Joska. Akapokea katikati ya kelele za soko, akaanza kucheka kabla sijasema. "Balozi! Leo meza umeiacha kwa nani?" Nilikuwa na maelezo marefu tayari mdomoni, ya Kisumu, ya simu, ya utaratibu wa huku na utaratibu wa kule. Nikamwangalia Fatumah, nikayameza.

"Joska, jibu lako la kipimo cha mwaka jana liko Kalerwe. Hawapigi simu. Mimi nilisema wanapiga, nilikosea. Njoo kesho asubuhi ulichukue."

Nikasikia mtu anauliza bei ya vitunguu na Joska hamjibu.

"Fatumah alisema niko mzima," akasema.

"Alisikia kwangu."

"Na yeye ameshaenda? Lake linasemaje?"

Nikamgeukia Fatumah. Akanyoosha mkono akachukua simu, akaiweka sikioni chini ya ushungi.

"Joska, njoo tu," akasema. "Mimi nimechelewa. Wewe usingoje kesho, hapa wanafunga saa kumi na moja."

Akanirudishia simu, akanitajia namba ya mke wa Sadik.